Ajuza Amegoma Kuwaka

Rássejávri, 9 Januari 1997

Shemeji Niillas,

Heaika amenipa habari zako, kwamba kidonda cha mguu bado hakijafunga na kwamba chakula unakiangalia tu. Kidonda ni kazi ya madaktari. Kutokula ni ukaidi wako, na huo hata marehemu kaka yako aliushindwa.

Nakuandikia kwa sababu Ajuza amegoma.

Tangu ulipomfunga injini upya mwezi wa tisa hakuwahi kuwashwa, maana theluji ilikuwa bado, halafu gari la wagonjwa likaja likakuchukua. Juzi nikamtoa bandani, nikamfuta vumbi, nikamtia petroli, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Nimevuta mara arobaini kwa kuhesabu, mpaka kiganja kimetoka lengelenge, na hata kukohoa hajakohoa. Najua utasema skuta ya theluji yenye miaka ishirini na minane ina haki ya kuchoka. Mimi nina sitini na mmoja na sijaona aliyenipa haki hiyo.

Kuni navuta kwa mkono. Nyavu ziko upande wa pili wa ziwa chini ya barafu, na sijazitazama siku tisa. Barua hii naipeleka kwa ski mpaka sanduku la posta barabarani, kilomita kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, na nyonga yangu unaijua. Simu ninayo, lakini kukupigia wewe ni sawa na kulipigia jiwe. Basi niandikie. Nianzie wapi?

Wako,
Ristin

*

Vadsø, 14 Januari

Ristin,

Miaka arobaini injini zimekula masikio yangu ili nyinyi mpate kutembea juu ya theluji kama watu, leo naitwa jiwe. Ahsante sana.

Petroli uliyotia ni ya lini? Kama ni ile ya dumu jekundu, mwaga yote, hiyo ni ya mwaka juzi. Chukua mpya, changanya na oili kama ulivyoniona nikichanganya, usikadirie kwa jicho. Halafu vuta kamba mara kumi, utoe plagi zote mbili uziangalie. Zimelowa au ni kavu? Hilo ndilo swali langu, usiniletee hadithi nyingine kabla ya hilo. Kisha zirudishe kwenye nyaya zake zikiwa nje, zilaze juu ya chuma cha injini, vuta kamba uone kama cheche inaruka. Iwe ya buluu. Ikiwa ya njano, niambie.

Ndani usiguse. Ndani nilifanya mimi. Ringi mpya, sili mpya za kuzuia hewa pande zote mbili za mhimili, kabureta niliichemsha ikang'aa kama kijiko cha harusi. Kosa liko nje, na nje ni kwako.

Hapa wanatupa samaki aliyesagwa mpaka kasahau kwamba alikuwa samaki. Kahawa yao unaona chini ya kikombe.

Niillas

*

Vadsø, 15 Januari

Kwako Mama Ristin,

Hunijui. Mimi ni Torunn, mhudumu wa zamu ya asubuhi katika nyumba ya wazee anapokaa shemeji yako. Nakuandikia bila yeye kujua, naomba ibaki hivyo.

Tangu alipofika mwezi wa kumi amekuwa akigeukia ukuta. Tukimwandikia kwenye kibao, anasoma halafu anafumba macho. Jumatatu barua yako ilipofika aliisoma mara mbili, akakaa kitandani, akaomba penseli. Alinichorea injini nzima kwenye leso ya karatasi ili nielewe ubishi wake na wewe. Halafu akala sahani yote, na akamtukana mpishi.

Sijui hiyo skuta ina nini, lakini kama ina matatizo mengine, tafadhali mwandikie nayo.

Torunn

*

Rássejávri, 23 Januari

Shemeji,

Plagi ni kavu. Zote mbili. Kavu kama mkate wa wiki iliyopita. Petroli ni mpya, nimechanganya kwa kikombe cha kupimia. Cheche ipo na ni ya buluu, nimeiona vizuri kwa sababu bandani bado giza hata saa nne asubuhi. Jua limerudi juzi, likachungulia nyuma ya kilima, likaona kazi iliyopo, likarudi zake.

Nyavu nimezifikia kwa ski. Samaki waliokuwemo wengine wameharibika, nimewatupia mbwa. Nilirudi na wanane mgongoni na nikalala kuanzia saa saba mchana bila kuvua viatu.

Heaika alikuja Jumapili na skuta yake mpya isiyopiga kelele. Amekaa, amekunywa kahawa, akazungusha kikombe kwa namna ile ya mtu anayetaka kusema. Nikamwambia, "Tema." Akasema, "Shangazi, kuna nyumba ndogo imeachwa wazi kijijini. Ina maji ya moto. Dirishani unaona duka."

Nikamwambia, "Miaka yote hii nimekosa kuona duka na bado niko hai."

"Kwa ski na nyonga hiyo, shangazi? Mpaka lini?"

Nikamwongezea kahawa. Amenipa mpaka Pasaka nifikirie. Sasa umeelewa kwa nini nataka Ajuza awake. Kavu, Niillas. Kavu maana yake nini?

Ristin

*

Vadsø, 29 Januari

Ristin,

Kavu maana yake petroli haifiki ndani. Cheche bila petroli ni sawa na kiberiti bila jiko. Hiyo ni habari nzuri, nusu ya injini tumeshaitoa mashakani.

Chukua kijiko kidogo cha petroli, mimina ndani ya kila silinda kupitia tundu la plagi. Funga plagi, vuta. Akikohoa hata mara mbili halafu akafa, basi ni njia ya petroli, si kitu kingine. Kuna kibomba chembamba cha mpira kinachotoka kwenye tumbo la injini kwenda kwenye pampu. Injini inapumua kupitia hapo na pumzi hiyo ndiyo inayosukuma pampu. Kama kimepasuka au kimejikunja, pampu imekufa. Kipitishe mkononi chote, kipulize kwa mdomo.

Kabureta usiiguse, nimesema. Ukiigusa utaacha uchafu ndani na lawama zitanirudia mimi.

Mwambie Heaika nyumba inayoona duka akae yeye.

Shemeji yako,
Niillas

*

Rássejávri, 7 Februari

Shemeji,

Amekohoa! Kwa kijiko cha petroli alikohoa mara tatu, akatoa moshi, mbwa akakimbilia chini ya ngazi, halafu akafa. Nilicheka peke yangu bandani kama mwehu. Kibomba nimekipuliza, ni kizima. Kwa hiyo bado hatujui.

Baridi ni ya nyuzi thelathini na moja. Kidole gumba cha mkono wa kulia kimepasuka na hakifungi. Nimechoka, Niillas. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa sababu mbwa nimeshamwambia.

Niambie kinachofuata, upesi.

Ristin

*

Vadsø, 12 Februari

Ristin,

Kama kibomba ni kizima, basi pampu yenyewe. Ifungue kwa bisibisi ndogo, skrubu ni sita, ndani kuna ngozi nyembamba ya mpira. Iangalie kwenye mwanga kama ina tundu. Ukiirudisha kaza skrubu kwa kuvuka upande huu na huu, usizizungukie.

Nimejaribu kukumbuka jinsi nilivyoifunga. Naanza chini, kwenye mhimili, napanda bolti moja moja. Nafika kwenye silinda, halafu Torunn anakuja na vidonge, nasahau nilipoishia, naanza upya. Ndiyo kazi yangu ya mchana kutwa sasa.

Paka mafuta ya samaki kwenye hicho kidole.

Niillas

*

Rássejávri, 20 Februari

Shemeji,

Pampu nimeifungua. Mpira ni mzima, hauna tundu. Nimeirudisha kama ulivyosema, skrubu kwa kuvuka. Bado hajawaka. Sijui ana nini. Labda kuna jambo jingine la kuangalia? Wewe andika tu, hata kama ni refu, mimi nitalifuata pole pole. Sina haraka tena kama mwanzo.

Kidole kinapona. Samaki wapo wengi wiki hii, nimepata ishirini na wawili. Unakula? Torunn ni mtu mzuri? Mchoree injini.

Ristin

*

Vadsø, 26 Februari

Ristin,

Umekuwa mpole ghafla. Hunitukani. Ndivyo watu wanavyoongea na mgonjwa.

Kama cheche ipo, petroli ipo, kibomba kizima, pampu nzima, basi nimebaki na jambo moja nililokuwa silitaki. Sili za mhimili. Zikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, tumbo la injini linavuja hewa, na likivuja hewa halivuti petroli, hata ufanye nini. Na hizo hazifikiwi bila kuifungua injini nzima. Huwezi wewe, na Heaika hawezi, anajua kubonyeza kitufe tu.

Acha kuvuta kamba. Utajiumiza bega bure.

Niillas

*

Rássejávri, 6 Machi

Shemeji,

Sidhani kama ni sili. Wewe ulizifunga, na vitu ulivyofunga wewe havijawahi kuvuja. Tafuta kitu kingine. Vipi kuhusu kile kichujio kwenye tangi? Vipi kuhusu swichi? Niambie niangalie swichi.

Leo tumemzika Biret wa kwa Ásllat. Kanisa lilijaa. Wengi wamekuulizia, nikawaambia unaendelea vizuri na bado unafundisha kazi kwa barua. Mchungaji alisema maneno machache, baridi ilimkatiza. Nyama ya kulungu ilichemshwa ya kutosha, na uboho ukagawanywa kwa wazee, nikapewa na mimi, ndipo nikajua nimeshahesabiwa.

Andika kuhusu swichi.

Ristin

*

Vadsø, 11 Machi

Ristin,

Si swichi. Wacha nikwambie, nimechoka kuzunguka.

Mwezi wa tisa vidole vyangu vilikuwa vimeshakufa ganzi. Sukari ilianza na miguu, kiangazi ikapanda kwenye mikono. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nashika spana na kuangalia kwa macho kama nimeishika. Sili, Ristin, haiwekwi kwa macho. Unaisukuma kwa kidole gumba mpaka usikie imekaa, inakujibu kwa kijimshtuko kidogo sana. Mimi sikusikia kitu. Kwanza masikio, halafu vidole. Nilijiambia imekaa kwa sababu nilitaka iwe imekaa. Nikafunga injini, nikakuachia.

Kwa hiyo kuni unazovuta kwa mkono ni kwa sababu yangu. Kidole kilichopasuka ni kwa sababu yangu. Na ukihamia kijijini Pasaka hii, ni mimi nimekuhamisha, si Heaika.

Hata pua sasa inanidanganya. Barua yako ya juzi nilipoifungua nilisikia harufu ya moshi wa oili, ule wa Ajuza akiwa amepata moto vizuri. Nikaiweka puani tena na tena. Halafu nikasoma kwamba hawaki. Nikajua hiyo nayo imekwenda.

Nimemwandikia Arvid wa Tana, amekuwa akivitaka vifaa vyangu miaka mingi. Atakuja kuchukua vyote, spana, jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchonga, kila kitu kilichomo karakana. Bora vishikwe na mtu mwenye mikono. Usimzuie.

Nisamehe kwa injini.

Niillas

*

Rássejávri, 18 Machi

Niillas,

Arvid alikuja jana na tela, na karatasi yenye sahihi yako. Barua yako imefika leo. Mimi nilidhani unavihamisha karibu nawe, kwamba pengine wamekupa chumba cha kufanyia kazi. Nilifurahi, Niillas. Nilimsaidia kubeba jiliwa. Nilimpa kahawa na jibini ndani yake na nikamwambia aendeshe pole pole asije akavikwaruza.

Leo baada ya kusoma barua yako nimekwenda mpaka kwake Tana. Jiliwa ameshalifunga kwenye meza yake. Nimemwomba. Nimemwomba mara ya pili kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mwanamume yeyote. Akasema, "Mzee kanipa mwenyewe kwa mkono wake. Yeye akija kusema virudi, tutaongea." Nikamwambia huwezi kuja. Akasema, "Basi."

Sasa utajiuliza nimefikaje Tana na kurudi kwa siku moja.

Nimepanda Ajuza.

Pua yako ni nzima. Ajuza anawaka tangu tarehe kumi ya mwezi wa pili. Nimekwenda naye kwenye nyavu, nimeleta kuni za miezi miwili, nimekwenda naye kumzika Biret, na barua ile niliiandika nikiwa nimekaa juu yake nje ya kanisa, injini ikinguruma, kwa sababu niliogopa nikiizima pale mbele ya watu isikubali tena.

Nilikuwa nimesubiri jibu lako siku tatu. Siku ya tatu nikasema liwalo na liwe, nikafungua nati mbili za kabureta uliyonikataza. Nikaitoa. Nyuma yake, ndani ya shingo inayoingiza petroli kwenye injini, kulikuwa na kitambaa. Kimesokotwa kikashindiliwa vizuri. Ni kipande cha lile shati la marehemu Jovnna la mirabaraba, tulilolichana kuwa matambara. Bila shaka ulikiweka ili uchafu usiingie wakati injini iko wazi, halafu ukasahau kukitoa. Nikakivuta, nikarudisha kabureta, akawaka kwa mvuto wa tatu. Nikakaa chini kwenye theluji nikalia, sijui hata kwa nini.

Niliandika barua ya kukuambia. Niliichoma. Ulikuwa umeshaniambia kosa liko nje na nje ni kwangu. Nikaona nikikuambia kwamba ulisahau tambara ndani ya injini utageukia ukuta tena. Ndiyo, najua kuhusu ukuta, usimkasirikie mtu. Nikasema ngoja kidogo, apate nguvu kwanza. Akiwa na tatizo la kutatua anakula. Nikakuongezea tatizo.

Sikujua unalala na hizo sili. Hukuniambia kuhusu vidole. Ungeniambia, Niillas!

Na tuseme yote. Haikuwa huruma peke yake. Miaka thelathini umekuwa ukigonga vyuma upande wa pili wa uwanja, na unaingia saa nne kunywa kahawa yangu na kuisema vibaya. Sasa uwanja uko kimya. Barua zako ndizo zilizokuwa zikigonga. Niliogopa mashine ikipona hutakuwa na la kuniandikia.

Vifaa vimekwenda, na chanzo ni mimi. Sina neno la kukurudishia.

Ristin

*

Vadsø, 22 Machi

Ristin,

Nimesoma. Usiniandikie.

N.

*

Vadsø, 1 Aprili

Ristin,

Torunn amekataa kuninyoa mpaka nikuandikie. Nimekaa siku nne na ndevu, leo nimeshindwa, zinawasha.

Nilikasirika na bado nina hasira, ujue hivyo. Si kwa uongo. Mimi nilikudanganya kwanza, nilikuambia ndani ni salama huku sijui. Nina hasira kwa sababu ulinionea huruma. Ulinikadiria, ukaamua mimi mwenyewe siwezi kubeba tambara. Wiki tano nimejihukumu kwa kosa ambalo sikulifanya, ili unifiche lile nililolifanya. Halafu vifaa. Jiliwa lile nililinunua kabla hujaolewa na Jovnna. Nikikumbuka liko kwa Arvid sipati usingizi wa mchana.

Lakini kuna kitu hukukiona, kwa sababu wewe si fundi.

Tambara! Tambara, Ristin! Kila fundi ameshawahi kusahau tambara. Yule aliyenifundisha kazi, na mikono yake ilikuwa kama ya daktari wa macho, alisahau glovu nzima ndani ya injini ya mashua, wakamtania mpaka kufa kwake. Ungeniambia siku ile ile ningecheka mpaka wale wazee wa chumba cha pili, ambao wanasikia, wangekuja kuangalia. Kusahau tambara si mikono. Ni kichwa, na kichwa changu hakikuwa kizuri hata nilipokuwa na miaka ishirini, muulize mtu yeyote.

Umesema anawaka tangu tarehe kumi ya mwezi wa pili. Umekwenda naye Tana na kurudi. Sili zisizokaa haziendi Tana, Ristin. Haziendi hata chooni. Nilizikaza kwa vidole vilivyokufa na zimekaa. Nimesoma sehemu ile ya barua yako mara nyingi kuliko unavyofikiri. Basi nina swali moja tu la kifundi, na safari hii nijibu ukweli. Akiwa hajaenda, umemwacha angurume peke yake, je, anatulia au anapanda na kushuka? Weka kiganja juu ya boneti uniambie.

Arvid mwache. Nilimpa kwa mkono wangu, ni kweli. Hata vingekuwa hapa ningeviangalia tu.

Tarehe kumi na tano wananikata vidole viwili vya mguu wa kushoto, na wanasema huenda si mwisho. Sitarudi Rássejávri, Ristin. Nilijua tangu siku ile ya gari, nadhani na wewe ulijua. Uwe na nyumba hapo au kijijini, uamue kwa nyonga yako, usiamue kwa ajili ya karakana yangu. Imeshakuwa chumba kitupu.

Torunn amesimama na wembe. Inatosha.

Shemeji yako,
Niillas

*

Rássejávri, 5 Aprili

Shemeji,

Anatulia. Nimeweka kiganja, nikahesabu mpaka mia mbili. Hapandi, hashuki.

Pasaka imepita, Heaika alikuja kuchukua jibu. Nimemwambia nitahamia vuli, baada ya matunda kuiva, na kiangazi hiki kimoja niachiwe. Alitegemea ugomvi, akabaki na maneno yake mdomoni mpaka nikamwonea huruma nikampa supu. Nilipokuwa nikisema sikuhisi uchungu niliodhani. Nilihisi uchovu tu, kama mtu anayevua koti lililolowa. Maji ya moto, Niillas. Nyonga imelisikia neno hilo kabla yangu.

Hukusema nije, na mimi sikuombi ruhusa. Theluji ya mlimani sasa hivi ni ngumu asubuhi, Ajuza atapita juu yake bila kuzama, na njia iliyowekewa alama za vijiti inavuka mpaka nyuma ya Vadsø. Kilomita sitini na tano. Nitalala kwenye kibanda cha katikati kama nyonga ikisema. Torunn nimempigia simu, yeye anasikia. Amemuuliza daktari. Daktari amesema saa moja, umefungwa blanketi, mguu umeinuliwa, na wasimlaumu yeye. Nyuma ya Ajuza nafunga kile kigari cha mbao cha kuteleza na ngozi tatu za kulungu. Utakaa hapo kama mchungaji. Tutazunguka ule uwanja ulio juu ya nyumba yenu, halafu nitakunywa hiyo kahawa yao ili nijue kama unaisingizia.

Nitafika Ijumaa tarehe kumi na moja, kabla ya saa sita mchana. Hutanisikia nikifika. Kaa dirishani, upande wa mlima.

Ristin